George Washington Carver: Mtoto Aliyeibiwa, Akaikuta Furaha Yake Porini

Katika ukurasa huu huwa tunasimulia maisha ya watu waliotutangulia, na safari hii tumemchagua mtu aliyekipenda kitu ambacho wengi wetu tunakishika mikononi karibu kila siku: karanga.

Tumemchagua kwa sababu ya swali moja. Ukimuuliza mtu hapa kwetu ni kitu gani kinachomfurahisha yeye mwenyewe, mara nyingi atakutajia mambo yasiyo mikononi mwake. Amani irudi nyumbani. Jina litoke kwenye orodha ya kwenda ng'ambo. Ndugu waliopotea njiani wapatikane. Ni haki yake kuyatamani hayo, nasi tunayatamani pamoja naye. Lakini hayo yote ni ya kungojea, na wengine wamengoja mpaka watoto waliozaliwa hapa wakawa na watoto wao. Sasa je, leo hii, kabla hayajatimia, kuna kitu gani kinachoufanya moyo wako uchangamke? Bwana Carver alilijua jibu lake akiwa bado mtoto mdogo, tena katika hali ambayo mtu asingetegemea.

Alizaliwa mtumwa, karibu na mwaka 1864, kwenye shamba lililo karibu na kijiji cha Diamond katika jimbo la Missouri, Marekani. Tarehe yenyewe haijulikani. Mama yake aliitwa Mary, na mwenye shamba, Moses Carver, alikuwa amemnunua mwaka 1855 kwa dola 700. Karatasi ya mauzo hayo ilitunzwa, nasi tutaitaja tena baadaye. Wakati ule Marekani ilikuwa katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, na Missouri ilikuwa mpakani. Magenge yenye silaha yalipita usiku, yakiiba farasi, ng'ombe na watu. Hatuna haja ya kuwaeleza wasomaji wetu hali ya namna hiyo ikoje.

Usiku mmoja genge lilifika shambani kwa Carver. Mary na kichanga chake walichukuliwa hadi Arkansas. Kaka yake George, aliyeitwa Jim, alisalimika. Moses Carver alimtuma mtu kuwafuatilia, na mtu yule akarudi na mtoto peke yake, anakohoa kifaduro, yu karibu kufa. Inasimuliwa kwamba malipo ya kazi hiyo yalikuwa farasi mmoja. Mama hakuonekana tena. George aliishi miaka karibu 80, na hakupata kujua mama yake alifia wapi, wala lini.

Utumwa ulipokomeshwa huko Missouri mwaka 1865, Moses Carver na mkewe Susan waliwalea wale ndugu wawili nyumbani mwao. Jim alikuwa na nguvu, akafanya kazi za shamba. George alikuwa dhaifu, mgonjwa mgonjwa, na sauti yake ilibaki nyembamba hata alipokuwa mtu mzima. Kwa hiyo alibaki na mama Susan akajifunza kupika, kufua, kushona na kufuma vitambaa. Kazi hizo zilipokwisha, hakuna aliyemfuatilia, naye akaingia porini.

Huko ndiko alikokutana na furaha yake. Aliokota mawe, akakamata wadudu na vyura, akang'oa miche na mizizi yake akaihamisha. Alikuwa na bustani ndogo ya maua aliyoificha katikati ya vichaka, kwa sababu watu wa pale waliona ni upuuzi mtoto kupoteza wakati kwa maua. Tungependa wazazi waitazame vizuri habari hii ya kuficha. Hakuna aliyemwambia kwamba hiki ndicho kitakachokufurahisha. Hakuna aliyemsifu. Wangemwona angeambiwa aache. Hata hivyo alirudi kule kila siku, na moyo wake ukitulia. Baada ya muda majirani walianza kumletea maua yao yaliyonyauka, naye anayatazama majani, anageuza udongo, anayapunguzia au kuyaongezea maji, na mengine yakapona. Wakamwita daktari wa mimea. Siku moja katika nyumba ya jirani aliona picha za kuchorwa zimetundikwa ukutani, na tangu hapo naye akaanza kuchora, akitumia rangi alizozipata kwa kukamua matunda ya porini.

Shule ya karibu haikupokea watoto weusi. Alipokuwa na umri wa miaka 11 au 12 hivi alitembea kwa miguu maili 8 mpaka mji wa Neosho, kwenye shule ya watoto weusi. Mama mmoja mkunga, Mariah Watkins, ambaye alikuwa pia dobi, alimpokea nyumbani kwake yeye na mumewe Andrew. Ndiye aliyemkataza kujitambulisha kama George wa Carver, kana kwamba bado ni mali ya mtu, na akamwambia ajifunze kila atakachoweza kisha akawape watu wake. Aliishi kwao akiosha vyombo na kufua, huku daftari liko karibu na beseni.

Kisha ikaanza miaka mirefu ya kuhamahama katika jimbo la Kansas. Alifika Fort Scott, akaajiriwa kupika na kufua. Mwaka 1879 aliona kundi la wazungu likimtoa mtu mweusi gerezani, likamuua na kumchoma moto. Akaukimbia mji ule, na kumbukumbu ile haikumtoka maisha yake yote. Alikwenda Olathe, kisha Minneapolis, siyo ule mji mkubwa bali mji mdogo wa Kansas wenye jina hilo hilo, akafungua udobi wake na kuendelea na masomo. Hapo palikuwa na George Carver mwingine na barua zao zikawa zinachanganyikana, ndipo akaongeza herufi ya W katikati, na baadaye ikawa Washington. Sisi tunaojua jina kukosewa kwenye orodha ya mgao tunaweza kumwelewa. Mwaka 1883 alipata habari kwamba Jim, ndugu yake pekee, amekufa kwa ndui.

Mwaka 1885 chuo kimoja huko Highland, Kansas, kilimkubali kwa barua. Alipofika na mizigo yake, mkuu wa chuo akaona ngozi yake, akamwambia hawapokei watu weusi. Akabaki katika mji ule bila shule na bila fedha. Mwaka uliofuata alikwenda magharibi, nyanda kavu za wilaya ya Ness, akajiandikishia kiwanja cha ekari 160. Miti hakuna huko. Alikata mabonge ya udongo pamoja na majani na mizizi yake, akayapanga kama matofali, akapata nyumba. Alilima kwa mkono ekari kama 17 hivi. Na katika nyumba ile ya udongo, upepo wa baridi ukivuma nje, alipanga mimea ya ndani na mawe aliyookota, akachora, akapiga kinanda. Hakufanikiwa kuwa mkulima wa pale, aliondoka baada ya miaka michache. Lakini tazameni jinsi ilivyokuwa: kila alikosukumwa, kitu kile kile kilikwenda naye. Waliomfukuza chuoni hawakuweza kukifungia mlango.

Mwaka 1890, akiwa na miaka kama 26, alipokelewa Simpson College huko Iowa. Baada ya kulipa ada alibakiwa na senti 10, akanunua unga wa mahindi na mafuta ya ng'ombe akaishi navyo kwa siku kadhaa. Alifua nguo za wanafunzi wenzake. Masomo aliyoyachagua yalikuwa muziki na uchoraji.

Hapa ndipo pagumu katika maisha yake, na hapa tunataka kukaa kidogo. Mwalimu wake wa uchoraji, Bibi Etta Budd, aliona kwamba kijana ana kipaji. Aliona pia kwamba anayachora maua na majani kama mtu anayeyajua kwa ndani. Lakini alihofu kwamba mtu mweusi hataweza kupata riziki kwa kuchora. Baba yake alikuwa profesa wa kilimo cha bustani katika chuo cha kilimo cha jimbo la Iowa, mjini Ames, basi akamshauri aende huko. George alisitasita. Uchoraji aliupenda kwelikweli. Mwishowe alikubali, kwa sababu aliyakumbuka maneno ya mama Watkins, na kwa sababu aliwajua watu wake, ambao wengi wao walikuwa wakulima waliokuwa wamekonda pamoja na udongo wao. Mwaka 1891 akahamia Ames.

Watu wengine husimulia jambo hili kana kwamba aliacha furaha akafuata wajibu. Sisi hatulioni hivyo. Alikuwa na furaha mbili, na zote mbili zilitoka katika pori lile lile la utotoni. Alichagua ile iliyoweza pia kulisha watu, na ile nyingine hakuitupa. Mwaka 1893 picha yake ya mmea wa jangwani ilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago na ikatajwa kwa heshima. Aliendelea kuchora mpaka uzeeni, na alipokosa rangi alizitengeneza kwa udongo mwekundu na wa manjano wa Alabama.

Ames walimlisha chumbani chini pamoja na wafanyakazi, mbali na meza ya wanafunzi weupe. Rafiki yake mmoja, mama wa kizungu, alisafiri kutoka mji aliosoma mwanzo, akakaa naye meza ile ile ya chini, na mambo yakaanza kubadilika. Alipata shahada mwaka 1894 na ya pili mwaka 1896, mtu mweusi wa kwanza kusoma na kisha kufundisha pale. Wakati huo alikuwa akitembea mashambani na mtoto mdogo wa mwalimu mwenzake, akimwonyesha maua na nyasi na namna ya kuyatofautisha. Mtoto huyo, Henry Wallace, alikuja kuwa waziri wa kilimo wa Marekani na baadaye makamu wa rais kuanzia mwaka 1941, na alisema wazi kwamba mapenzi yake ya mimea yalitokana na matembezi yale. Furaha ya Carver ilikuwa na tabia hiyo, ilimwambukiza aliyekuwa karibu.

Mwaka 1896 Booker T. Washington alimwita kwenye shule ya watu weusi ya Tuskegee, Alabama, kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka. Alifika akakuta hakuna maabara. Akawapeleka wanafunzi kwenye majalala wakaokota chupa, masufuria mabovu, nyaya na vifuniko, wakatengeneza maabara kwa hivyo.

Msidhani kwamba mtu akishaijua furaha yake basi anakuwa mwepesi kukaa naye. Walimu wenzake walinung'unika alipoomba vyumba viwili, kimoja chake na kimoja cha mimea yake, wakati wao walilala wawili wawili. Tena alikabidhiwa mradi wa kuku, akaushindwa. Kuku walikufa, hesabu hazikukaa sawa, na Washington, aliyependa kila kitu kiwe kwenye mstari, alimwandikia barua kali. Carver naye akatishia kuacha kazi, na siyo mara moja. Mvutano huo ulidumu miaka mingi, mpaka kazi za utawala wa kilimo zilipopewa mtu mwingine na yeye akaachiwa utafiti. Kwa maoni yetu lawama haikuwa ya mmoja. Shule ilikuwa maskini na kila mtu alipaswa kubeba zaidi ya sehemu yake. Lakini mtu yule yule aliyeua kuku kwa kusahau, aliweza kukaa usiku mzima akichunguza ukungu kwenye jani moja.

Wakulima wa Alabama walipanda pamba tu, mwaka hata mwaka, na udongo ukachoka. Kisha akaja mdudu anayekula vitumba vya pamba, na madeni yakazidi. Carver aliwashauri wapande kunde, viazi vitamu na karanga. Ukiing'oa karanga au kunde utaona vinundu vidogo kwenye mizizi. Ndani ya vinundu hivyo wamo vijidudu vinavyochukua naitrojeni kutoka hewani na kuipa mimea, na mabaki yakiachwa shambani udongo hurudishiwa nguvu. Mama zetu waliochanganya maharage na mahindi walilijua jambo hili kwa macho. Carver aliwaeleza sababu yake, kwa vijitabu vyepesi ambavyo mtu wa elimu ndogo angevielewa, na kuanzia mwaka 1906 shule ilituma mkokoteni wa kuvutwa na nyumbu, umebeba zana na mbegu, kuwafuata wakulima huko huko walipo.

Kijitabu kilichojulikana zaidi kilitoka mwaka 1916, kinaeleza kulima karanga na njia 105 za kuziandaa kwa chakula: supu, mikate, maziwa na mengine. Na hapa tuseme neno kwa ndugu zetu waliotoka upande wa magharibi wa Kongo. Mnachokiita nguba kilivuka bahari pamoja na watumwa, na mpaka leo watu wa kusini mwa Marekani wana jina la karanga linalotokana na neno hilo. Zao lenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini, lililetwa Afrika, kisha likavushwa tena. Nalo limehamahama.

Tusahihishe pia jambo linalosemwa mara nyingi. Carver hakuvumbua siagi ya karanga, ilikuwapo kabla yake, na katika zile njia 105 nyingi alizikusanya kutoka kwa wengine. Kazi yake kubwa ilikuwa kumwonyesha maskini utajiri uliomo katika kitu kilicho chini ya miguu yake. Mwaka 1921 aliitwa mbele ya kamati ya bunge mjini Washington kueleza habari za karanga. Alipewa dakika 10. Wabunge wengine walianza kwa kumdhihaki. Yeye akawa anatoa kitu kimoja baada ya kingine kutoka kisandukuni, akieleza kwa ile sauti yake nyembamba huku akifurahi mwenyewe, na dakika zikaongezwa, zikaongezwa tena, mpaka mwisho wakampigia makofi. Tangu siku hiyo jina lake lilijulikana nchi nzima.

Umaarufu haukumbadilisha ratiba. Aliamka saa kumi alfajiri, akaingia porini peke yake kabla watu hawajaamka, akarudi na kikapu cha majani, uyoga na udongo. Aliamini kwamba Mungu husema na mtu kwa vitu alivyoviumba, na kwamba saa ile ndiyo ya kusikiliza. Alivaa koti kuukuu lililochakaa, lakini kila siku alichomeka ua bichi kifuani. Jioni alifuma vitambaa, kazi ambayo wengi huidhani ni ya wanawake tu. Hakuoa. Kulikuwa na upweke katika maisha yake, na hatuwezi kusema kwamba mimea iliuondoa wote. Jumapili jioni wanafunzi walijaa kwenye darasa lake la Biblia, na wengi wao aliwaandikia barua kama mzazi kwa miaka mingi baada ya kumaliza shule.

Tunao kati yetu mama anayefuma vitambaa hata kama hakuna mnunuzi, na mzee anayeotesha miche ya miti kwenye mifuko ya plastiki karibu na bomba la maji, na kijana ambaye hutengeneza redio mbovu mpaka usiku kwa kurunzi. Watoto huwacheka. Wakati mwingine hata sisi wakubwa huwauliza vitu hivyo vina faida gani kwa mtu aliye ugenini. Carver naye alikulia kati ya watu walioona hivyo, ndiyo maana akaificha bustani.

Mwaka 1940 alitoa akiba yake, zaidi ya dola 30,000, kuanzisha mfuko wa utafiti pale Tuskegee. Alifariki tarehe 5 Januari 1943 baada ya kuanguka, akazikwa hapo hapo, karibu na kaburi la Washington ambaye walivutana naye sana. Chumbani mwake, pamoja na mimea, mawe na vitambaa vyake vya kufuma, alikuwa ametunza vitu viwili kutoka shamba la Missouri. Kimoja ni gurudumu la kusokotea nyuzi alilokuwa akitumia mama yake. Kingine ni ile karatasi ya dola 700. Wageni waliomtembelea walisema gurudumu lile alilishika kwa upole sana.

Mwezi Julai mwaka huo huo Bunge la Marekani liliamua shamba la Diamond, mahali alipoibiwa yeye na mama yake, liwe mahali pa ukumbusho wa taifa, la kwanza kwa ajili ya Mmarekani mweusi. Wageni huenda huko mpaka leo. Kuna njia ya miguu inayopita katika lile pori, kando ya kijito, kule alikokuwa akificha maua yake.